Mpiga Kura wa Mwisho wa Emulonje

Jumatatu moja ya Agosti 2017, saa tisa na robo alasiri, mjini Riyadh, Truphena Khavere alikuwa amekwisha kupiga pasi kanzu saba za Baba mwenye nyumba na alikuwa akinyoosha kola ya kanzu ya nane, mlango wa stoo ulipofunguliwa kutoka ndani. Akatoka mwanamume mfupi aliyevaa koti la mvua na gambuti, nyuma yake polisi mwenye bunduki, kisha makarani wawili wamebeba sanduku la plastiki lenye kifuniko cha buluu, kisha watu wengine saba au wanane wenye vitambulisho vya kuning'inia shingoni. Stoo yenyewe ilikuwa na upana wa hatua mbili. Truphena alizima pasi kwanza, maana kanzu nyeupe haina msamaha, ndipo akawaambia karibuni.

Kilichomshughulisha ni tope. Lilikuwa tope jekundu la kwao, lile linalong'ang'ania kiatu mpaka lichongwe kwa panga, na sasa lilikuwa limetandazwa juu ya vigae alivyovisugua asubuhi.

"Pole kwa uchafu, dada," mwenye koti akasema. "Huko nyumbani imenyesha tangu saa nane. Mimi naitwa Nahashon. Ndimi msimamizi wa uchaguzi."

"Si mngeacha viatu hapo kwa mlango?"

Wakaviacha. Saa za Riyadh na saa za kwao ni zile zile, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kurekebisha saa yake. Nahashon alipanguza miwani kwa tai, akaeleza jambo lililowaleta, na alilieleza kwa ufupi kwa sababu alikuwa amelieleza mara nyingi wiki hiyo.

Uchaguzi wa gavana ulikuwa umefanyika siku sita zilizopita. Mheshimiwa Elphas, gavana anayetetea kiti, alipata kura elfu themanini na nane, mia tatu na kumi na sita. Mwalimu Damaris, mpinzani wake, akapata hizo hizo. Walihesabu mara tatu. Mara ya pili walihesabu kwa mishumaa na mara ya tatu mbele ya maaskofu wawili, na hesabu haikusogea hata kwa unywele. Kisha sanduku la kituo cha Shule ya Msingi ya Emulonje likakataa kufungika. Kila walipolitia lakiri, lakiri ilibanduka yenyewe kama ganda la njugu. Nahashon, ambaye alikuwa mtu wa utaratibu, alifungua daftari la wapiga kura la Emulonje na kupitia majina moja moja. Wote walikuwa wamepiga kura. Wazee walikuwa wamepiga, wagonjwa walikuwa wamepiga, na marehemu nao walikuwa wamejitokeza kwa wingi kama ilivyo desturi yao katika kituo kile. Jina moja tu ndilo halikuwa na alama.

"Khavere Truphena," Nahashon akasoma. "Ulijiandikisha Desemba 2012 kwa pasipoti."

Ni kweli. Wakati ule kitambulisho chake kilikuwa kimebaki kwa ajenti wa Nairobi, aliyesema anakihitaji kwa shughuli za safari, na Truphena akapanga foleni shuleni na kitu pekee alichokuwa nacho, yaani pasipoti mpya ambayo hata haikuwa na mkunjo. Watu walimcheka. Nani huenda kujiandikisha kijijini kwa pasipoti? Miezi miwili baadaye alipanda ndege, kabla ya uchaguzi wa kwanza wa magavana, na jina lake likabaki pale kwenye daftari likimngojea.

"Basi nahitaji kuiona hiyo pasipoti," Nahashon akasema. "Sheria inataka hati ile ile uliyojiandikishia."

"Hata mimi nahitaji kuiona," Truphena akasema.

Alikuwa ameiona mara ya mwisho uwanja wa ndege, Baba alipoipokea mkononi mwa ofisa na kuitia mfukoni mwa kanzu. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Huu ulikuwa mwaka wa tano. Kila Ramadhani Truphena aliomba ruhusa ya kutoka nchini, na kila Ramadhani Baba alisema baada ya Ramadhani. Bila saini ya Baba hapakuwa na ruhusa, na bila ruhusa hapakuwa na ndege. Alitaka kurudi kwa mwanawe Joy, basi. Hakuwa na haja nyingine duniani, na mtu yeyote aliyekaa naye dakika kumi alilijua hilo.

Madam alishuka akiwa amejifunika, kwa kuwa alisikia sauti za wanaume. Alitazama bunduki, akatazama sanduku, akatazama sakafu.

"Mafi tope hapa," akamwambia Truphena, yaani tope lisiwepo, akionyesha kwa kidole. Kisha akauliza kama wageni wamekula.

Nahashon akaomba pasipoti kwa dakika tano, kwa kuitilia saini. Madam akajibu kwamba karatasi ni mambo ya Baba, na Baba alikuwa Jeddah kikazi, na karatasi zote alikuwa nazo huko ndani ya kasha la chuma. Familia ingemfuata Alhamisi kwa ajili ya likizo. Waje Jeddah Jumatatu ijayo. Alilisema kama anayempangia fundi wa mashine ya kufulia siku ya kuja. Nahashon aliandika kwenye shajara yake: Jeddah, Jumatatu, saa tisa.

Kampeni zilikuwa zimekwisha kisheria, lakini salamu si kampeni, kwa hiyo wagombea wote wawili walitoka stoo wakiwa bila viatu kuja kumsalimia mpiga kura. Mheshimiwa Elphas alikuwa na soksi zilizotoboka vidoleni. Alimtandikia Truphena leso mabegani, yenye sura yake mwenyewe upande wa mgongo.

"Dada yangu, nikiapishwa asubuhi, mchana naandika barua ya kukurudisha. Hiyo ni ahadi."

Mwalimu Damaris alikuwa amemfundisha Truphena darasa la sita, na hakumtandikia kitu. Alisema yeye ataandika barua hiyo kabla ya kuapishwa. Kisha akageuka nyuma na kuita, "Joy, ingia umsalimie mama."

Mtoto akachungulia. Alikuwa na miaka mitatu Truphena alipomwacha kwa bibi yake, Mama Serah. Sasa alikuwa na saba, miguu mirefu, mwanya mahali pa meno mawili, sare ya shule iliyolowa mabegani. Alijificha nusu nyuma ya sketi ya Mwalimu.

"Habari, anti," akasema.

Truphena akajibu nzuri. Alitaka kulia na akaona hakuna nafasi ya kulia, watu walikuwa wengi mno na jikoni ni kazini. Alimshika mtoto kichwa. Nywele zilikuwa na maji ya mvua. Akamuuliza amekula nini mchana, Joy akasema maharagwe.

Wakati wa kuondoka walipanga mstari, wakavaa viatu, wakaingia stoo mmoja mmoja. Truphena aliwaona wakishuka ngazi tatu za shule na kuingia mvuani. Aliona mlingoti wa bendera na mti wa mkaratusi uliokatwa tawi. Akafuata. Alikuwa ameshika mkono wa Joy, na hakuachia, lakini mguu wake ulipovuka kizingiti mkono ulikuwa umeshika gunia la mchele wa kilo kumi, na mbele yake palikuwa na makopo ya nyanya kutoka chini hadi juu. Alisimama pale kidogo. Kisha akatoka, akachukua ndoo, maana tope likikauka ni kazi maradufu.

*

Dereva wa nyumba ile aliitwa Alfayo. Alikuwa Mkenya pia, na Alhamisi aliwaendesha kilomita mia tisa na ushee hadi Jeddah, Madam na watoto nyuma, Truphena mbele na begi la vyakula mapajani. Madam alijua maneno mawili matatu tu ya Kiswahili, kwa hiyo waliongea wakitazama barabara, kwa sauti ya watu wanaozungumzia petroli.

"Nasikia uko na governor wawili kwa mfuko," Alfayo akasema.

"Niko na kura moja."

"Ni hiyo hiyo. Sasa unapea nani?"

"Mwalimu. Amesema ataandika barua kabla aapishwe."

Alfayo alikipita kwanza kituo cha mafuta. Alikuwa na miaka tisa Saudia na aliongea polepole, kama mtu anayehesabu chenji.

"Tru, sikia. Saa hii wanavua viatu kwa mlango yako. Siku utawapea hiyo kitu, halas, hakuna mtu atakujua. Magdaline wa ile nyumba ya jirani alitoroka akaenda mtaa ya Manfuha, si unakumbuka? Ako huko kwa room moja na watu saba, hana ikama, hiyo permit ya kukaa, hatoki hata kununua chumvi. Aliandikia mheshimiwa barua ngapi? Hata moja haijajibiwa. Huyo hakuwa na kura."

Truphena alisema atafikiria. Lakini hakufikiria, alikuwa amekwisha kuamua. Usiku ule Alfayo alikwenda kulala mtaa wa Al-Hindawiyah kwa vijana wa kwao, walikolala watano chumbani na walimpokea kwa chai, na Truphena akaonyeshwa godoro lake katika nyumba ya Jeddah, kando ya mashine ya kufulia, chumba kisicho na dirisha.

Jumatatu saa tisa kamili mlango wa bafu dogo la wafanyakazi ulifunguliwa na Nahashon akatoka na watu wake. Safari hii walikuwa wamebeba gazeti la kukanyagia. Baba alikuwepo. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, asiyewahi kumpiga mtu, na hilo ndilo lililowafanya watu wengi wasielewe Truphena analalamikia nini. Alisoma barua ya Nahashon mpaka mwisho, akakubali kuwa jambo la uchaguzi ni jambo zito, akafungua kasha la chuma.

Pasipoti ikawekwa juu ya meza ya kupigia pasi. Truphena aliitazama. Ilikuwa bado haina mkunjo. Picha ilikuwa ya msichana mnene wa mashavu ambaye alimfahamu kwa mbali.

"Dakika tano," Baba akasema, na Nahashon akatia saini kwamba ameipokea.

Makarani walisimamisha kibanda cha katoni juu ya ile ile meza ya pasi. Walijaribu kwanza kumtambua kwa vidole, maana utaratibu unataka hivyo, lakini mashine ilivikataa vidole vyake vyote kumi. Miaka minne na nusu ya kusugua vyoo kwa dawa ya kung'arisha, ile ambayo kwao huitwa Jik, ilikuwa imevilainisha vikawa kama kijiko. Nahashon alijaza fomu ya watu wasiosomeka na kuendelea.

Truphena akapewa karatasi. Akaingia nyuma ya katoni. Akaweka alama ya vema, safi, kwenye sanduku la Mwalimu Damaris, na kwa uangalifu akaikunja kwa vidole viwili. Ila alikuwa ametoka kusugua bafu moja kwa moja, hakunawa. Wafanyakazi wa nyumbani wa Saudia wote wangeweza kukwambia kitakachofuata. Karatasi ilipofunguliwa mbele ya mawakala ilikuwa nyeupe pe, na pale palipokuwa na alama palinukia Jik.

"Kura imeharibika," Nahashon akatangaza. "Haihesabiwi."

Wagombea walitazamana. Bado walikuwa sawa. Kifuniko cha buluu kilibanduka tena mbele ya macho yao.

"Itabidi turudi wiki ijayo," Nahashon akasema. Wino wa kidole aliopakwa Truphena ulikuwa umekwisha kutoka wenyewe, kwa hiyo kisheria hakuwa amepiga kura. Pasipoti ikarudi ndani ya kasha kabla ya dakika ya tano kwisha.

Joy alikuwa amesimama karibu na mashine ya kufulia, akitazama nguo zikizunguka. Alipoitwa aondoke alimgeukia Truphena.

"Wiki ijayo niko na mtihani wa hesabu," akasema. "Lakini nitakuja."

Ndipo Truphena alipoyaelewa maneno ya Alfayo, tena akayaelewa kuliko Alfayo mwenyewe. Kama ile kura ingesimama, mlango ungefungwa jioni ile. Angebaki na ahadi. Na mtoto wake angebaki na anti mmoja aliyemwona mara mbili.

*

Jumatatu iliyofuata alinawa mikono vizuri, akakausha, akaingia nyuma ya katoni na kuweka alama kwa wagombea wote wawili. Jumatatu ya baada ya hiyo alichora kuku. Nahashon alimwinua yule kuku juu ili mawakala wote wamwone, akatangaza kwamba hahesabiwi, na Joy akacheka mpaka akashika tumbo. Lilikuwa cheko la kwanza Truphena kulisikia kwa mwanawe, na alilihifadhi wiki nzima.

Familia ilirudi Riyadh shule zilipofunguliwa. Baba naye alirudi, na kasha lake la chuma. Msafara ukarejea kutokea stoo. Madam alikuwa amewazoea. Aliwawekea mkeka wa viatu na kila Jumatatu alimtuma Alfayo kununua mikate ya ziada. Mwenzake mmoja alipomuuliza kwa simu ni akina nani hao wanaoongea jikoni, alisikika akijibu kwamba ni serikali ya mfanyakazi.

Truphena akaanza kuandika. Karatasi ya kura ni ndogo lakini ina nafasi pembeni, na sheria ilimtaka Nahashon asome sababu ya kuikataa kila kura kwa sauti inayosikika. Basi alikuwa akipanguza miwani, anasafisha koo, anasoma mbele ya mawakala na polisi: "Imekataliwa. Mpiga kura ameandika: Joy, usivae soksi mbichi." Au: "Imekataliwa. Mpiga kura ameandika: mtu akikwambia mama yako alikukimbia, mwambie anakudanganya." Siku ile polisi aligeuka akatazama ukuta. Kura ni siri, na hakuna aliyeweza kumuuliza kwa nini anafanya hivyo, ingawa wote waliketi jikoni mle mle wakimwangalia akifanya.

Alikuwa na saa moja kila Jumatatu. Joy alifanyia kazi ya nyumbani juu ya meza ya pasi. Alijifunza kukunja kanzu. Mwezi wa Oktoba aliacha kusema anti, akawa hasemi kitu, anavuta tu kitambaa cha Truphena akitaka jambo. Mwezi wa Novemba, akiwa amezama katika hesabu za kugawanya, alisema bila kuinua kichwa, "Mama, nipe kifutio." Truphena akampa. Kisha akaingia chooni akafungua bomba, akalia, akarudi akiwa amenawa uso. Hakuwahi kuwa na furaha kama ile na hakuwahi kufungwa kama vile, maana kila Jumatatu mlango ulikuwa wazi saa nzima na kila mtu alipita isipokuwa yeye.

Alijaribu, si kwamba hakujaribu. Alipita akiwa katikati ya makarani. Alipita amejifunika koti la Nahashon. Wakati mmoja alipita akiwa amebebwa mgongoni na polisi, kijana mwenye nguvu kutoka upande wa mlimani, na polisi alishuka ngazi za shule akiwa mwepesi ghafla wakati Truphena ameketi juu ya gunia la mchele. Alimuuliza Nahashon sheria inasemaje.

"Sheria inasema kura ipite," Nahashon akasema. Aliona haya, na alistahili. "Kuhusu mwenye kura haijasema."

"Na Baba akitoa ruhusa?"

Walimuuliza Baba. Baba akasema baada ya Ramadhani.

Kaunti haikuwa na gavana miezi hiyo yote. Barabara zilibaki zilivyokuwa na hospitali ilibaki bila dawa kama siku zote, kwa hiyo wananchi wengi hawakugundua. Waliogundua ni wagombea. Mheshimiwa Elphas alikuwa amekonda. Alikuwa akikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, simu mkononi, na hakuwa na leso za kugawa tena. Mwalimu Damaris ndiye aliyekuja kwa Truphena siku moja ya Februari, Joy akiwa amekwenda kutazama paka uani, akasema naye kwa sauti ya darasani.

"Truphena, watu wanangoja."

"Hata mimi nangoja, Mwalimu."

"Nimeshakwambia nitakurudisha. Huniamini?"

Truphena alikuwa akikamua kitambaa. Alimpenda Mwalimu huyu tangu utotoni; ndiye aliyemnunulia kalamu ya kwanza.

"Niandikie hiyo barua sasa," akasema. "Ulisema kabla ya kuapishwa. Ukiniletea Jumatatu ikiwa na tikiti, nakuwekea alama hapo hapo."

Mwalimu alisema jambo lile lina taratibu zake. Akatazama soksi zake. Baada ya hapo aliketi juu ya ndoo ya pili, kando ya Mheshimiwa Elphas, na Truphena aliwaona kwa mara ya kwanza wakinong'onezana. Wagombanao ndio wapatanao. Angelijua hilo mapema, kama asingekuwa anasaidia hesabu za kugawanya.

Jumatatu mbili wote wawili hawakuja, wakasema wana udhuru. Jumatatu ya tatu, katikati ya Machi 2018, Nahashon alitoka stoo peke yake. Hakuwa na sanduku. Alivua magambuti yake akayapanga vizuri kwenye mkeka uliotosha jozi kumi na mbili.

"Joy yuko wapi?" Truphena akauliza.

"Yuko upande ule. Gari la leo ni la maofisa tu, amekuja kwa miguu. Nimemwambia angoje nje."

Alikaa. Akakubali chai. Alieleza kwamba Mheshimiwa na Mwalimu walikutana hotelini Jumamosi wakaelewana, wakapeana mikono mbele ya kamera. Mheshimiwa atakuwa gavana. Mwalimu atakuwa naibu wake, na waziri wa elimu wa kaunti atatoka upande wake. Mwalimu ameondoa jina lake katika kugombea. Jumapili asubuhi sanduku la Emulonje lilifungika lenyewe, taratibu, na lakiri ikashika.

"Kwa hiyo kura yangu?"

"Haihitajiki tena, dada. Imebaki fomu moja tu ya kufunga daftari."

Akaitoa mkobani. Ilikuwa imejazwa tayari kwa mashine. Ilisema kwamba mpiga kura Khavere Truphena, wa kituo cha Emulonje, alitafutwa kwa bidii kuanzia Agosti 2017 hadi Machi 2018 na hakupatikana. Chini palikuwa na saini ya Nahashon. Chini ya hapo palikuwa na mstari mtupu.

"Fomu inataka shahidi," Nahashon akasema, akiangalia kikombe. "Mtu mzima wa kituo chetu anayemfahamu mpiga kura, na atie saini pale pale alipotafutwa. Nimefikiria kote, huku hakuna mwingine. Alfayo si wa kituo chetu."

"Unataka nishuhudie kwamba sikupatikana?"

"Wameniambia nisirudi bila saini."

Truphena aliisoma fomu tena. Hakuona kosa la herufi hata moja. Aliuliza kama mlango utabaki wazi wakati akiandika, na Nahashon akasema sheria haikatazi. Akaenda mwenyewe akaufungua mpaka mwisho, akauegemeza kwa gambuti lake moja.

Huko ilikuwa inanyesha. Joy alikuwa amesimama chini ya ngazi tatu za shule akiwa na mwavuli wa Mama Serah, ambao ulikuwa na chuma kimoja kilichochomoza. Alimwona mama yake akapunga mkono. Nahashon akamwambia asipande, na hakupanda. Alikuwa mtoto mtiifu, alilelewa vizuri.

Truphena akachukua kalamu. Jina lake lina herufi kumi na tano. Aliandika moja, akainua macho, akatazama, akaandika nyingine. Joy alikuwa akimwonyesha kitu kwa vidole, labda alama za mtihani, tisini na ngapi hivi, na Truphena aliitikia kwa kichwa kwamba ameona. Chai ya Nahashon ilipoa. Hakumharakisha hata mara moja, na hilo ndilo jema alilomtendea. Herufi ya kumi na nne ilichukua muda mrefu kuliko zote.

Alipomaliza, Nahashon alipuliza wino ukauke, akamshukuru, akavaa gambuti moja, kisha la pili, na mlango ukajifunga.

Madam akauliza kutoka sebuleni kama kanzu ziko tayari. Zilikuwa zimebaki nne.